Bunduki Yenye Kubisha Hodi

Vijana wa hapa Cimpunda, mu Bukavu, wakisha kuona sinema mu simu zao, wanakuja kuniuliza kama silansie inaleta diferansi ao hapana. Silansie ni kile chuma chenye wanavika bunduki mudomoni ili isilie kwa nguvu. Wananiuliza mimi juu wanajua nilikaa miaka mingi jirani na muwindaji wa mbweha, kule Nyangezi, kwenye niko na shamba yangu ya ndizi. Mimi si muwindaji. Nilikuwa masoni. Nyumba mingi za huku mulimani zenye mvua haijaangusha ni mikono yangu ilizijenga, na zingine zenye mvua iliangusha pia, tusidanganyane. Masomo yangu ilikuwa kidogo: mwalimu alihama, na mimi nikahama. Lakini kwa ile swali niko na jibu, na jibu yenyewe ni swali ingine: diferansi kwa nani? Kwa mbweha, kwa muwindaji, ao kwa bibi ya muwindaji?

Tulimuita Papa Shaseri. Shaseri ni muwindaji kwa Kifaransa, kiisha mudomo wetu unaifinyanga. Jina yake ya ubatizo iko kanisani, mu buku ya paroasi, ikae kule. Alikuwa zamani mulinzi wa plantasio moja ya kinkina, ule muti wa dawa ya malaria, na kazi yake ilikuwa kufukuza nyama za pori zenye kuharibu. Plantasio ilipokufa, yeye alibakia na karabini moja ya zamani, na ruhusa yake, na kofia ya majani yenye mbuzi ilishakula upande moja. Alikuwa murefu, mugongo umeinama kidogo kama mutu anayetafuta sindano chini. Akitembea, miguu haikusikika. Bibi yake alikuwa anasema: «Hii mutu akiingia mu nyumba, unamujua kwa harufu ya tumbako tu.»

Sasa musifikiri alikuwa mukali. Mutu yenye kuua mbweha, lakini kuku hakuweza kuchinja. Kweli ya Mungu. Kila Noeli nilikuwa napanda Nyangezi nimuchinjie kuku yake, na yeye anaenda kusimama nyuma ya choo mupaka nimalize.

«Papa, na mbweha je?»

«Mbweha hanijue. Huyu kuku ananijua. Anajua mupaka kikohozi changu.»

Kiisha anakuja kula paja, anakula vizuri sana, hata mufupa hawuachi.

Na mbweha, hakupenda mutu amutukane mbele yake. Ukisema «ile mwizi, ile shetani,» alikuwa anainua kidole. «Huyo ni maman ya watoto. Alikuta mulango wazi akaingia. Wewe pia ukikuta mulango ya brasri ya bia wazi unaingia.» Mutu akija kulia mbuzi wake ameliwa, Papa Shaseri hakushika bunduki kwanza. Alikuwa anaenda kutazama nyumba ya mbuzi. Anasukuma ukuta, anaingiza mukono mu matundu, anatikisa mulango. Ikitikisika, anarudi nyumbani. «Kaza mulango yako. Risasi haiko kufuli.» Watu walikasirika mingi juu ya ile. Lakini mimi kama masoni nilimupendea pale, juu kazi ya kukaza milango na kuta ilikuwa inanifikia mimi. Nisiseme nilikuwa namupenda bure.

Mbweha za kule zinakuja jioni wakati moshi ya jikoni inateremuka, ao asubui mapema mbele ya misa. Wanatafuta watoto wa mbuzi, kuku, na zaidi dende, ile kanyama kadogo kenye tunafuga jikoni pembeni ya moto, kanalia wi-wi-wi. Dende mu sahani ya mugonjwa ni dawa. Ukisikia dende zinalia zote pamoja, ujue mugeni amefika.

Bon. Mambo ilianza hivi.

Asubui moja, mbweha iliingia jikoni kwake mwenyewe. Papa Shaseri akatoka na karabini, akapiga. Mara moja tu. Ile bunduki ya zamani ilikuwa na sauti kubwa, na milima ya Nyangezi inapokezana sauti: huu unapatia ule, ule unapatia mwingine, mupaka haujui ilitokea wapi. Munajua sisi ni watu wa inchi gani. Kwetu mutu hangojee kusikia bunduki ya pili. Mulima wote ulikimbia. Maman moja alikuwa na matrasi kichwani na mutoto mugongoni, na mutoto alikuwa wa jirani. Mimi mwenyewe, nilikuwa nimelala kule shambani, nilikimbia na mwiko, na sijui mupaka leo juu ya nini mwiko.

Na bibi yake pia alikimbia. Bibi ya muwindaji! Maman yule alikuwa mufupi, mweusi muzuri, mudomo haupumziki, lakini moyo yake ilikuwa imeumizwa na vita. Alishakimbia mara mingi mu maisha yake, alishazaa porini, alishapoteza. Kwake sauti ya bunduki haikuingia kwa masikio, iliingia kwa tumbo. Bwana yake alimutafuta mupaka katikati ya asubui, akamukuta mu bwawa, amekaa mu maji ya baridi mupaka kiuno, ameshika kiatu kimoja.

Nilikuwa pale. Papa Shaseri alisimama pembeni ya maji na kofia mukononi.

«Ni mimi njo nilipiga, maman. Ilikuwa mbweha.»

«Na mimi ningejua namna gani?»

«Ni bunduki yangu. Unaijua.»

«Bunduki haina jina!» akasema. «Ikilia haisemi jina ya mwenyewe. Mugeni akifika kwako anabisha hodi, anasema ni mimi fulani. Bunduki yako inaingia mu tumbo yangu bila hodi.»

Alitoka mu maji, akaenda nyumbani, akafunga manguo yake mu kitenge moja ya majano yenye ndege za bluu, akateremuka barabara. Alienda kwa dada yake, kule Katana, karibu na hospitali. Mbele ya kwenda alisema maneno ile mulima wote ulisikia: «Chagua. Ile chuma ao mimi.»

Utasema, si aache tu bunduki? Hata mimi nilimuambia hivyo. Lakini mulima ulikuwa unamutegemea. Mbuzi wa wajane, dende za wagonjwa, wote walikuwa chini ya ile karabini. Na yeye mwenyewe, bila kuwinda, alikuwa kama mulango bila nyumba. Akabakia katikati. Alikuwa anajipikia bugali yenye mabonge, akakonda, tumbako yake ikaisha na hakununua. Nikifika alikuwa ananiuliza: «Unatoka Bukavu? Hukuona mutu wa Katana?» Kama vile watu wa Katana wanavaa alama.

Kule plantasio pia aliachaga sikio. Nisisahau kusema hii. Sikio ya kuume ilikuwa imekufa kwa sababu ya makelele ya bunduki, juu njo upande wenye karabini ililalia. Ukitaka kumuambia siri unazunguka kushoto. Munganga moja alimuambia kama angekuwa na silansie tangu ujana, sikio yake ingekuwa nzima. Kwa hiyo mutu asiseme mimi ninapinga silansie. Kwa sikio inaleta diferansi, hapo hakuna mabishano.

Mwenye alimuletea silansie ni mupwa wake, mutoto wa dada yake, injinia mwenye kutumika mu biro moja hapa mujini. Kijana muzuri, kiatu chake hakijue matope, na alimupenda tonton yake, ni kusema mujomba wake, kweli. Aliiazima kwa bwana moja wa mambo ya pori, na ruhusa. Alifika Jumapili kiisha misa, akaitoa mu kitambaa kama padri anatoa ostia ya komunyo. Kachuma keusi kama kikopo kirefu cha kupimia sambaza, zile samaki ndogo za ziwa.

Tulikaa mbele ya nyumba na kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Papa Shaseri aliigeuza-geuza, akachungulia ndani, akainusa.

«Na hii itaniletea bibi yangu?»

«Tonton, itaondoa ile mulio kubwa. Haitaondoa yote. Risasi yenyewe ikipita mu hewa inalia ta! kama fimbo. Lakini ule muungurumo wa mudomoni hautasikika, na milima haitaupokezana. Na mbweha hatajua inatokea wapi.»

«Mbweha atasimama?»

«Atasimama anashangaa.»

Mimi nikasema: «Basi ni kama unamuibia.»

«Wewe masoni, kunywa,» akanijibu Papa Shaseri.

Injinia mwenyewe njo alipanda na motokari yake mupaka Katana kumubembeleza maman. Alikubali kuja kujaribu. Alirudi, lakini kile kitenge hakukifungua. Alikiweka nyuma ya mulango, kimefungwa vile vile na ndege zake, na kila mutu mwenye aliingia alikiona. Papa Shaseri alikuwa anakipita kama mutu anapita mbwa yenye haijamuzoea.

Na kusema kweli, silansie ilifanya kazi. Injinia hakudanganya. Mbweha walikuja jioni, wawili. Papa Shaseri alipiga moja, ta, na ile ya pili ilisimama pale pale, inageuza masikio, inatafuta, na alipata wakati wa kuipiga pia. Kitu kile hakikuwahi kumufikia mu maisha yake. Mulima haukukimbia. Mutu aliuliza tu nani amevunja fimbo. Maman alikuwa ndani anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua hata kichwa.

Tulifikiri imeisha. Papa Shaseri alinunua tumbako.

Asubui maman alitoka kutupa majivu, na nyuma ya jikoni, chini ya dirisha yake mwenyewe, akakuta mbweha wawili wamelala na damu. Nilikuwa nimefika na jembe. Hakulia. Aliweka sahani ya majivu chini, akamuita bwana yake.

«Ulipiga?»

«Nilipiga, maman. Unaona? Haukuogopa.»

«Ulipiga chini ya dirisha yangu, na mimi niko ndani?»

«Ndiyo. Haukusikia kitu!» Alikuwa anacheka, maskini, alifikiri anatoa zawadi.

«Basi,» akasema polepole, «kama wewe unaweza kuua chini ya dirisha yangu na sisikie, mwingine pia anaweza. Zamani niliogopa makelele. Lakini kukiwa kimya nilikuwa nalala, nasema leo kimya, leo ni amani. Sasa umenitwalia hata kimya.»

Na si yeye peke yake. Habari ilitembea mulima wote kabla ya jua kupanda: kuko bunduki yenye haisikike. Watu walianza kuogopa kila fimbo yenye kuvunjika, kila mugomba wenye kuanguka. Jioni ile wengine walienda kulala kwa paroasi bila risasi hata moja kulia. Mupaka wanakimbia kimya! Mimi niliona hiyo na macho yangu, watu wanakimbia na hakuna kitu cha kukimbia.

Na mbweha je? Nayo isikilizeni, juu vijana wanapenda hii upande. Wenye walibakia walirudi kesho yake, kama vile hakuna kitu. Wangejuaje? Wenzao walilala tu. Hakuna mwenye aliwaambia fasi hii ni mubaya. Injinia alisema: «Sawa, Tonton, utapiga nao pia.» Muzee akajibu: «Mimi sitaki kumaliza mbweha. Ninataka waende kwao.»

Ile jioni maman alitwaa kitenge chake nyuma ya mulango, akakiweka kichwani. Injinia alikuwa na motokari tayari, uso umeinama, juu yeye njo alimuleta na yeye njo atamurudisha. Papa Shaseri alikaa juu ya kiti, ametoa silansie kwa bunduki, anaipangusa na kitambaa. Na hapo dende zikaanza kulia jikoni. Wi-wi-wi, zote.

Mutu ya kazi ni mutu ya kazi. Muzee alisimama na karabini, mudomo wa bunduki wazi, bila chuma. Mbweha ilikuwa kwenye ndizi, tuliiona wote. Akaweka bunduki begani.

«Ngoja!» maman akalia.

Alitupa kitenge chini. Nilidhani atakimbia, miguu ilishaanza, niliiona. Lakini akazunguka, akatwaa ile sufuria kubwa yenye kuungua matako, na mwiko wa bugali, akasimama katikati ya kiwanja akapiga, nko-nko-nko, akapaza sauti ya kuita mutu wa ngambo:

«Mukae! Ni bwana yangu! Ni mbweha! Mukae mu manyumba yenu!»

Kiisha akamugeukia bwana yake, akaziba masikio na mwiko ikiwa bado mukononi. «Sasa piga.»

Na mbweha? Mbweha ilishafika Burundi, pengine. Muzee alipiga migomba. Bum! Milima ikapokezana. Na hakuna mutu alikimbia. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilisikia bunduki inalia kule na mulima unabakia fasi yake. Mahali fulani chini mwanamuke alicheka, na mwingine akajibu: «Tumekaa!»

Maman alitoa mikono kwa masikio. Alishika tumbo yake, akasikiliza ndani, kama mutu anasikiliza kama mutoto amelala.

«Haikuingia,» akasema.

Papa Shaseri alikasirika, ndiyo, alikuwa muwindaji. «Ni muwindaji gani anapigia mbweha ngoma mbele ya kumupiga?»

«Yule mwenye anataka bibi.»

Muzee akaenda kutundika karabini. Mimi pia ningeitundika.

Tangu siku ile njo ilikuwa desturi. Hakupiga hata siku moja kabla ya maman kupiga sufuria. Jirani wakazoea kujibu, nyumba kwa nyumba: tumekaa, tumekaa. Mwanzo alikosa kila mara, watu wakamucheka, wakamupa jina Shaseri wa Ndizi. Kiisha akagundua kitu: mbweha ikisikia sufuria inasimama kidogo kwanza, inatazama upande wa makelele. Kidogo tu. Ilimutosha. Na wenye walikimbia walienda na habari, juu mbweha iko na akili: sufuria ikilia, kifo kinafuata. Wakaanza kugeuka kwa sufuria peke yake. Miaka ikipita, risasi zilipungua mupaka kutu ikaanza kula karabini.

Injinia alirudisha silansie kwa mwenyewe. Nilimutania: «Injinia, uliona? Sufuria ilishinda chuma chako.» Akacheka. «Papa masoni, bila kile chuma Maman hangeshika sufuria. Weka hiyo pia mu hesabu.» Nikaona iko na haki. Niliiweka.

Sasa niwaambie mara ya mwisho nilipanda kule. Ilikuwa hii kipwa, wakati mvua haiko. Magoti yangu hayataki tena mulima, nilipumzika fasi mingi, na sambaza zangu mu fuko zikaanza kunuka. Bunduki haiko tena. Wakati kuwa na bunduki nyumbani ilikuwa kutafuta shida, alienda kuipeleka kwa wakubwa mwenyewe, akarudi anapiga miluzi. Nilimukuta kwenye kiti chake mbele ya nyumba, na kofia ile. Sikio ya kushoto nayo imefuata mwenzake. Ukimusalimia anasoma midomo yako, na ukiwa na ndevu unamusumbua.

«Asinge, Papa!» nikamusalimia.

«Ndevu!» akajibu.

Maman alitoka jikoni kunipokea. Amezeeka, amekuwa mufupi zaidi, mudomo ni ule ule. Kwenye mulango, fasi ya rido, ni kusema pazia, nikaona kitenge cha majano chenye ndege za bluu, kimepasuliwa katikati na kushonwa, kinapepea. Nilikitazama sana. Akaniona nakitazama.

«Kilikuwa kinakaa bure,» akasema.

Tulikula sambaza na bugali. Moshi ikaanza kuteremuka. Tulikuwa tunaongea habari ya magoti, na dende zikalia, wi-wi-wi. Muzee hakusikia. Alikuwa anatazama bibi yake, na kwa vile bibi yake aligeuza kichwa, alijua. Akakaa sawasawa juu ya kiti. Maman alitwaa sufuria, ile ile, matako sasa ni matundu matupu, akapiga.

«Mukae! Ni bwana yangu! Ni mbweha!»

«Tumekaa!» kutoka chini. «Tumekaa!» kutoka ngambo. Na sauti za vijana ndani, wenye hawakuzaliwa wakati wa karabini.

Kwenye ndizi mukia ulionekana, kiisha haukuonekana tena. Lakini maman hakurudi jikoni. Aligeukia bwana yake, akaziba masikio na mwiko mukononi, akafungua mudomo polepole ili muzee amusome vizuri:

«Sasa piga.»

Papa Shaseri aliinua mikono mitupu begani, akafunga jicho moja.

«Pa,» akasema. Kidogo tu, kama mutu anatema ganda la karanga.

Kiisha akanigeukia, uso umejaa furaha. «Ilisikika?»

Nilifikiri namna ya kumujibu, lakini maman alishanitangulia, amesimama mbele yake na mwiko ile ile.

«Haikusikika hata kidogo,» akasema. «Iko na silansie.»